Mabingobingo Yenye Mabaka: Kwa Nini Majani Hayawi na Rangi Moja Masika Yanapoanza

Leo tutazungumza juu ya majani ya ng'ombe, na hasa mabingobingo, ambayo jirani zetu wa Kenya huyaita nepia.

Swali lenyewe ni hili, nalo huja kila mwaka mara masika yanaposhika. Mfugaji alikata mabingobingo yake yote wakati wa kiangazi, akayaacha mashina. Mvua ikanyesha juma la kwanza, la pili, la tatu. Majani yakachipua. Lakini akisimama ukingoni mwa shamba anaona kitu kinachomsumbua: hapa kijani kimekolea hata kinakaribia weusi, pale manjano, na kule katikati kijani kimefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Mbegu ni ile ile, aliyepanda ni mmoja, na mvua ni moja. Mbona rangi si moja?

Wengi wetu tunalijibu swali hili kwa mfuko wa pesa kabla ya kulijibu kwa macho. Mtu anakwenda dukani, ananunua mfuko wa Urea, anamwaga shamba zima. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingine pesa imekwenda na manjano yamebaki pale pale, na mwaka unaofuata yameongezeka. Hii ni kwa sababu manjano haya ni ya namna mbili: yako manjano ya njaa, na yako manjano ya ugonjwa. Ya kwanza yanatibika. Ya pili hayatibiki, na ukiyachelea yanakula shamba lote, halafu yanavuka kwa jirani. Kwa hiyo tuyatazame polepole.

Tuanze na mvua yenyewe. Udongo uliokauka kiangazi haukufa. Ndani yake mmebaki mizizi mikavu, majani yaliyooza nusu, samadi ya zamani, pamoja na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo kazi yao ni kuvunjavunja mabaki hayo. Mvua ya kwanza inapolowesha udongo, vijidudu hivyo huamka na kula kwa pupa, na katika kula huko huachia naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kinacholipa jani rangi ya kijani. Mtaalamu mmoja wa udongo, H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wataalamu wa nchi nyingi wanaliita kwa jina lake. Alionyesha kwamba udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa hutoa naitrojeni nyingi kuliko ule uliokuwa na unyevu muda wote. Hiyo ni sababu mojawapo ya mahindi yaliyopandwa mapema kuyaacha nyuma yale yaliyopandwa mwezi mmoja baadaye.

Sasa basi, chakula hicho hakitoki sawa kila mahali. Penye mboji nyingi hutoka kingi. Penye udongo uliochakaa hutoka kidogo. Tena hakikai. Mvua kubwa ikinyesha mfululizo, naitrojeni husukumwa chini kupita mizizi, na katika udongo wa kichanga hushuka upesi zaidi. Ndiyo maana majuma haya ya mwanzo wa masika ndiyo mazuri ya kulisoma shamba. Wakati wa kiangazi kila kitu kilikuwa kikavu na huwezi kutofautisha. Baadaye sana majani yamekuwa marefu na yameficha mashina. Juma la tatu mpaka la tano baada ya mvua kushika, shamba linasema wazi.

Tembea basi, polepole, mstari kwa mstari. Chukua vijiti, na kila penye rangi tofauti chomeka kimoja.

Ukikuta baka la kijani kilichokolea, jiulize palikuwa na nini hapo. Pengine palirundikwa samadi kabla ya kutawanywa. Pengine ni mahali ng'ombe walipofungwa, au mkojo wa bandani unapotiririkia. Ng'ombe akikojoa mahali pamoja, kile kipande kidogo cha ardhi hupata naitrojeni kana kwamba umemwaga mamia ya kilo kwa hekta moja. Kukiwa na jua kali mkojo huo huunguza majani ya katikati, na kijani kikabaki pembeni kama pete. Wale walio na majani mafupi ya kupamba uani wameyaona mambo haya haya: baka lililoungua katikati na kijani pembeni, wakadhani ni mdudu, kumbe ni mbwa wa nyumbani.

Rutuba ya boma haiondoki upesi. Huko Narok, kusini magharibi mwa Kenya, kuna mabaka ya nyasi nzuri katikati ya mbuga ambayo wanyama wa porini huyapenda. Watafiti walipochimba walikuta kwamba hayo yalikuwa maboma ya wafugaji wa kale, na habari zao zilichapishwa mwaka 2018. Mengine yalihamwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mengine zaidi ya miaka 3,000. Samadi ya watu ambao hata majina yao hatuyajui inalisha nyasi mpaka leo! Kwa hiyo usishangae baka moja shambani mwako likiwa bora kwa sababu marehemu babu alikuwa na zizi hapo.

Mahali palipochomwa takataka nako huweza kuwa na kijani, lakini kwa sababu nyingine. Majivu yana potasiamu na chokaa, naitrojeni imekwenda na moshi. Kijani cha majivu mara nyingi hakidumu.

Haya, sasa manjano. Tuchukue kwanza ya njaa, kwa kuwa ndiyo mengi.

Mabingobingo ni mlaji mkubwa. Tunayasifu kwa kutoa majani mengi, lakini hatujiulizi majani hayo yametoka wapi. Kila tani moja ya majani, ukiyahesabu yakiwa makavu, hubeba naitrojeni kiasi cha kilo 10 mpaka 20, na potasiamu isiyopungua hapo, mara nyingi zaidi. Shamba la ekari moja lililostawi hutoa tani kadhaa za majani makavu kwa mwaka. Yote hayo yanakatwa, yanabebwa kichwani au kwenye baiskeli, yanaingia bandani. Na samadi inakwenda wapi? Inakwenda kwenye migomba, kwenye kahawa, kwenye bustani ya mboga. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa mfano, majani mengi hukatwa mbali, hata tambarare, yakapandishwa nyumbani kwa ng'ombe, na samadi ikabaki kihambani. Kihamba kinashukuru. Lakini pale palipokatwa majani, hakuna aliyerudisha kitu. Ukifanya hivyo miaka mitatu au minne, manjano yatakuja tu, na hayatakuja sawa: yataanza mbali na banda, yataanza mteremkoni ambako udongo wa juu umechukuliwa na maji, yataanza penye changarawe.

Njaa ya naitrojeni ina alama yake. Tazama majani ya chini, yaliyozeeka. Mmea wenye njaa hunyang'anya chakula kutoka majani ya zamani ukawapa watoto, yaani majani machanga ya juu. Kwa hiyo jani la chini huanza kuwa manjano nchani, na manjano hayo hushuka kufuata mshipa wa katikati, na jani la juu bado lina kijani chake, ingawa kimefifia. Ukikuta kingo za majani ya chini zimeungua kama zilizopitishwa motoni, fikiria potasiamu. Ukikuta kinyume chake, majani machanga ya juu ndiyo yaliyofifia na ya chini ni mazima, hiyo si njaa ya naitrojeni. Mwonyeshe bwana shamba au bibi shamba, maana yaweza kuwa salfa au kitu kingine.

Alama nyingine ni umbo la baka. Njaa haichagui shina moja. Huchukua eneo: kipande chote cha mteremko, ukanda wote wa pembeni, mstari wote uliosahauliwa siku ya samadi.

Kuna pia manjano ya maji. Bondeni, au nyuma ya kontua iliyoziba, udongo umejaa maji na mizizi haipumui. Chimba shimo la urefu wa mkono. Udongo ukiwa wa kijivujivu na unanuka kama yai viza, usimwage mbolea hapo, itapotea bure. Toa maji kwanza. Na ndugu zetu wa Njombe na Makete wanajua manjano mengine tena, ya baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo huunguza majani ya bondeni na kuacha ya mlimani. Hayo huisha yenyewe baridi ikipita.

Sasa tufike penye uzito wa habari hii.

Umetembea, umepita mabaka ya njaa, halafu katikati ya mstari wenye kijani kizuri unakuta shina moja tu, peke yake, lina manjano. Majirani zake kulia na kushoto wamelifikia goti au kiuno. Lenyewe limebaki chini. Inama ulitazame vizuri. Lina vichipukizi vingi kupita kiasi, vyembamba, vimesongamana kama ufagio. Pingili zake ni fupi. Majani yake ni madogo, na manjano hayakuanzia majani ya chini. Yako mpaka kwenye majani machanga. Hapo, ndugu yangu, usiende dukani kununua Urea. Huo ni ugonjwa wa kudumaa wa mabingobingo.

Ugonjwa huu ulianza kuonekana magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 wataalamu walieleza kwamba unaletwa na kijidudu kidogo sana kiitwacho fitoplazma, kinachokaa ndani ya mishipa ya mmea inayopitisha chakula. Umepatikana pia Uganda na Ethiopia. Hauonekani vizuri katika mabingobingo ambayo hayajakatwa. Unaonekana baada ya kukata, majani yanapochipua upya, na kila ukikata shina linarudi likiwa dhaifu zaidi mpaka linakufa. Mfugaji aliyekuwa akilisha ng'ombe wawili anajikuta analisha mmoja, halafu anaanza kununua majani, halafu anauza ng'ombe.

Unaenea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kidudu kidogo kinachorukaruka majanini na kufyonza utomvu. Kinafyonza shina gonjwa, kinahamia shina zima. Njia ya pili ni sisi wenyewe. Tunakata pingili za mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa na kumpa shemeji, tunampa jirani, tunapeleka kijiji kingine kwa lori la mnada. Pingili inaweza kuonekana nzuri na huku imebeba ugonjwa ndani. Mimi nadhani njia hii ya pili ndiyo iliyouvusha ugonjwa milima na mito, kwa maana kidudu kile ni kidogo na hakipandi basi.

Hakuna dawa ya kunyunyizia ikaponya shina lililokwisha kushikwa. Mbolea huweza kulipa nguvu kidogo kwa muda, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, akalibakiza. Ling'oe. Siyo kulifyeka, kulifyeka ni kulialika lichipue tena. Ling'oe kwa jembe pamoja na mizizi yake, ulichome au ulifukie. Pengo hilo usilirudishie mabingobingo mara moja. Panda maharage au viazi vitamu kwanza. Kisha kila baada ya kukata majani, juma la tatu au la nne, pita tena ukague. Mashina mawili yaliyong'olewa mwaka huu ni hasara ndogo. Mashina mia mbili mwaka kesho ni shamba limekwisha.

Usiuchanganye na fugwe. Fugwe nayo hudhoofisha mabingobingo, lakini alama yake ni tofauti: shina linatoa maua mapema likiwa bado fupi, na maua hayo yamejaa unga mweusi kama masizi ya sufuria. Hilo nalo hung'olewa, ila kata vichwa vyeusi kwanza, polepole, uviweke ndani ya mfuko, ili masizi yasipeperuke. Watafiti wa Kenya walitoa mbegu ziitwazo Kakamega 1 na Kakamega 2 ambazo zinastahimili fugwe. Angalia lakini: mbegu inayostahimili fugwe si lazima istahimili kudumaa. Anayekuuzia akikwambia mbegu yake haishikwi na ugonjwa wo wote, muulize ugonjwa gani.

Je, ukishindwa kuamua kama manjano ni ya njaa au ya ugonjwa? Fanya jaribio dogo. Pima hatua nne kwa hatua nne ndani ya baka. Chukua Urea gramu 150 hivi, yaani kikombe cha chai kisichojaa, uitawanye udongo ukiwa na unyevu na uifukie kidogo. Au tumia mkojo wa ng'ombe, ndoo moja kwa ndoo mbili au tatu za maji, umwage chini kwenye mashina, siyo juu ya majani. Weka vijiti kwenye pembe nne. Ngoja siku kumi mpaka kumi na nne. Njaa itajibu: kijani kitarudi ndani ya vijiti na nje yake manjano yatabaki, utaona mpaka kama umechorwa. Shina lisilojibu huku wenzake wamejibu, ndilo la kutilia shaka.

Ikiwa ni njaa, basi lisha. Na kabla ya kuhesabu bei ya mfuko, hesabu kile kinachomwagika bandani. Ng'ombe wa maziwa anayekula vizuri hukojoa lita 10 kwa siku, na zaidi. Tukichukua makadirio ya chini ya gramu 5 za naitrojeni kwa lita, ni gramu 50 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 18 hivi. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anakukojolea karibu mfuko mzima kwa mwaka, na wengi wetu tunauachia mtaro uupeleke barabarani. Sakafu ya banda iwe na mteremko kidogo, mkojo ukusanyike kwenye shimo au pipa lenye kifuniko. Kifuniko ni lazima, kwa sababu ile harufu inayokuwasha macho ndiyo naitrojeni inayokimbia. Ukiupeleka shambani chimba mfereji mdogo kando ya mstari, mwaga, fukia.

Samadi nayo irudi, angalau sehemu yake. Wanaopanda upya wanaweza kutumia njia ya tumbukiza: mashimo ya futi mbili upana na futi mbili kwenda chini, yanajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na pingili kadhaa zinapandwa ndani ya shimo moja. Kazi yake ya kwanza ni ngumu, sikufichi, lakini kila shina linaanza na sahani yake ya chakula. Kwa shamba lililokwisha shika, desmodiamu iliyopandwa katikati ya mistari huongeza naitrojeni kutoka hewani, na ng'ombe huipenda.

Mwenye uwezo wa kununua mbolea ya chumvichumvi atumie mfuko mmoja wa Urea kwa ekari baada ya kukata, au mifuko miwili ya CAN, udongo ukiwa na unyevu. S.A. inafaa pia na ina salfa ndani yake, ila ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo. Anzia kwenye mabaka yenye njaa. Lile baka la kijani kilichokolea halihitaji kitu; ukiliongezea unalidhuru, na si lenyewe tu.

Hapa nina onyo. Majani yaliyokolea kijani kutokana na naitrojeni nyingi, hasa baada ya ukame kufuatiwa na mvua, na hasa siku za mawingu, hujilimbikizia kitu kiitwacho naitreti. Ng'ombe mwenye njaa akipewa mzigo mzima wa majani hayo anaweza kufa siku hiyo hiyo. Anapumua mbio, anatetemeka, fizi zake zinakuwa za bluu au za kahawia, anaanguka. Damu yake huwa na rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Kuyakausha majani hakuondoi sumu hii. Kwa hiyo usikate pale ulipotia mbolea nyingi mpaka zipite wiki tatu au nne. Ukikata, kata juu kidogo, maana sumu hukaa zaidi sehemu ya chini ya shina. Yachanganye na majani makavu au mabua. Na usimpe ng'ombe aliyeshinda njaa. Changanya kijani kilichokolea na majani ya sehemu nyingine za shamba, mzigo kwa mzigo.

Ukiona dalili hizo, ondoa majani mbele ya ng'ombe wote, usimkimbize mgonjwa wala kumswaga, na umwite bwana mifugo mara moja. Ipo sindano ya mshipani inayoweza kumwokoa akiwahiwa. Mwambie ulimlisha kutoka sehemu gani ya shamba na ulitia mbolea lini, maana hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.